Wimbo wa Noeli ni Sala



Ndugu wapenzi, mara nyingi twanung'unika: "Kanisa letu ni la nyasi, halina kinanda, Noeli yetu haina uzuri." Tukumbuke kijiji cha Oberndorf, nchi ya Austria, tarehe 24 Desemba 1818. Padri Joseph Mohr alikuwa ametunga maneno. Mwalimu Franz Gruber akayatilia sauti siku ile ile. Usiku wakaimba wawili, Padri akipiga gitaa, waimbaji wakiitikia. Ndio wimbo wa "Usiku Mtakatifu", unaoimbwa leo katika mataifa mengi.

Basi tusingoje kinanda. Ila tujiulize: tukitoka Misani tukaenda kulewa na kugombana, tumemwimbia nani? Mtoto Yezu alilazwa horini. Atutaka moyo safi tu.