Kabla Fundi Hajapanda Paani: Asbesto na Ukarabati wa Nyumba za Zamani Makongeni

Ushauri mwingi kuhusu kukarabati nyumba kuukuu zenye vitu vya sumu umeandikiwa watu wa nchi za baridi, ambako asbesto hukutwa imezungushwa kwenye mabomba katika chumba kilichochimbwa chini ya nyumba. Makongeni, hapa Thika, ni nadra kuona nyumba yenye chumba kama hicho. Kwetu asbesto, pale ilipo, iko juu ya vichwa vyetu: yale mabati mazito ya kijivu yenye mawimbi mapana, yaliyoota ukungu, yaliyoezekwa kabla Kenya haijayapiga marufuku mwaka 2006. Ninachotaka kukitetea ni hiki: paa hilo likiwa zima si hatari sana kwa anayelala chini yake, lakini siku ya kulishusha ni hatari kwa kila aliye karibu. Kwa hiyo wajibu wa mwenye ploti, na wa kaunti inayompa kibali, unatakiwa utimizwe kabla fundi hajapanda ngazi.

Asbesto ni madini yenye nyuzi. Katika mabati haya nyuzi huwa takriban asilimia 10 hadi 15, na kilichobaki ni saruji inayozishikilia. Saruji ikikaa bila kuguswa, nyuzi zinazotoka ni chache. Ikivunjwa, ikikatwa kwa grenda au ikisuguliwa kwa brashi ya waya, nyuzi zisizoonekana kwa macho hupeperuka, huvutwa na pumzi na kukwama mapafuni. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani, ikiwemo ya mapafu, ya koo, ya ovari na ile ya utando unaozunguka mapafu, na kwamba zaidi ya watu 200,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kukutana nayo kazini. Magonjwa haya hujitokeza baada ya miaka 20, 30, hata 40. Kijana wa mjengo anayevuta vumbi leo atakohoa akiwa mzee, na hakuna atakayekumbuka paa lilikuwa la nani.

Tuitazame kazi yenyewe. Mabati haya hufungwa kwa boliti, na boliti za miaka mingi zimeliwa na kutu. Spana ikishindwa, fundi huchukua nyundo. Bati hupasuka kama sahani, vipande hutupwa uani, mtu hufagia kwa ufagio mkavu, na jioni kila mmoja hurudi kwake na vumbi kwenye ovaroli itakayofuliwa pamoja na nguo za watoto. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii nyuzi hizi. Tena bati lenyewe halibebi uzito wa mtu: likikanyagwa katikati ya mbao huvunjika, na fundi huanguka ndani ya nyumba. Njia salama haina maajabu. Paa hunyunyiziwa maji kwanza, boliti hufunguliwa au kukatwa taratibu bila kuvunja bati, kila bati hushushwa zima kwa mikono, hufungwa kwa nailoni nzito na kuandikwa onyo, na wafanyakazi huvaa barakoa maalum na mavazi yasiyorudi nyumbani. Kanuni za taka za Kenya zinaihesabu asbesto kuwa taka hatari, hivyo anayeibeba na mahali inapozikwa lazima viwe na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Wapo watakaosema: wazazi wetu wameishi chini ya mapaa haya na wako salama. Ni kweli kwa wengi, na hilo linaunga mkono hoja yangu, kwa sababu wameishi chini ya paa zima. Hata maji ya mvua yanayokingwa kutoka paa hilo, ambayo watu huyaogopa sana, hayajathibitika kudhuru kama vumbi linavyodhuru. Ndiyo maana paa lisilovuja wala kumomonyoka linaweza kuachwa kwa sasa, mradi lisikwanguliwe, lisitobolewe.

Pingamizi la gharama ni zito zaidi, nami silidharau. Kumlipa mwenye leseni ni ghali kuliko kuwaita vijana wawili wa kibarua. Lakini tofauti hiyo ya bei haipotei. Hulipwa na mapafu ya kibarua, ya mpangaji na ya jirani, ambao hawakushauriwa na hawatapata sehemu ya kodi mpya. Nao wanaotegemea mahakama wakumbuke Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia wakazi sumu ya risasi, kikafungwa mwaka 2014. Mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, rufaa ikaipangua, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Hapo chanzo kilikuwa kiwanda kimoja kinachojulikana. Kwa vumbi la paa la miaka 30 iliyopita, mgonjwa atamshtaki nani?

 

Kwa hiyo napendekeza fomu ya kibali cha ukarabati katika Kaunti ya Kiambu iulize paa liliezekwa lini na kwa nyenzo gani, na jibu la asbesto lizuie kazi hadi mkataba wa mwenye leseni uonyeshwe. Palipo na shaka, bati lihesabiwe kuwa asbesto hadi maabara iseme vinginevyo. Na kwa kuwa lori moja lenye leseni ni mzigo kwa mwenye ploti mmoja, kaunti ipange msimu wa kiangazi ambapo ploti za mtaa mmoja zitashusha mapaa yao kwa zamu na kugawana nauli ya lori hilo, wapangaji wakijulishwa mapema na kuhamishwa kwa siku hizo kwa gharama ya mwenye nyumba.