Mkazi wa Kudumu na Milango Miwili

(Hotuba iliyotolewa katika semina ya haki za raia kwa viongozi wa makanisa na wanaharakati)



Nimeombwa niseme juu ya Mkenya aishiye ng'ambo kwa kibali cha ukazi wa kudumu, na yale yanayomkabili kila avukapo mpaka. Huenda wapo watakaouliza: mambo ya viwanja vya ndege yana uhusiano gani na mageuzi tuliyoyapigania? Jibu langu ni kwamba mpakani ndipo mtu hukutana na dola ana kwa ana, bila wakili, bila jirani, bila kasisi. Hapo ndipo hubainika iwapo alichoshika mkononi ni haki au ni hisani.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mkazi wa kudumu ni mgeni aliyepewa jembe. Amelima, amevuna, amelipa kodi, amezaa na kusomesha. Lakini shamba bado si lake. Neno "kudumu" lililoandikwa katika kadi yake lina masharti nyuma yake, na masharti hayo hayaonekani mpaka siku anaposafiri. Akiwa kazini haulizwi. Akiwa kanisani haulizwi. Huulizwa pale anaporudi kutoka kumzika mzazi wake.

Nitawapa mfano wa kweli uliomo katika kumbukumbu za mahakama. Mtu mmoja aliyeitwa Ignatz Mezei aliingia Marekani mwaka 1923, akaishi kihalali katika mji wa Buffalo kwa muda wa miaka 25. Mwaka 1948 alifunga safari kwenda Romania kumwona mama yake aliyekuwa mahututi. Romania ilimkatalia kuingia. Akakwama Hungary miezi 19 hivi akingoja ruhusa ya kutoka, kisha konseli wa Marekani mjini Budapest akampa viza, naye akafika bandari ya New York mwezi wa Februari 1950. Huko alizuiliwa katika kisiwa cha Ellis. Serikali ilisema kuingia kwake kungehatarisha usalama wa taifa. Ushahidi ukafanywa siri, wala hakupewa nafasi ya kusikilizwa.

Mezei alijaribu kwenda kwingine. Uingereza na Ufaransa zilimrudisha. Hungary ilimkataa. Nchi kadhaa za Amerika ya Kusini zilimkataa. Mwaka 1953 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba kwa kuwa alikuwa ametoka nje muda mrefu, alihesabiwa kama mtu aliyesimama mlangoni kwa mara ya kwanza, na kwamba mtu wa namna hiyo hana haki ya kudai asikilizwe. Miaka 25 ya jasho ikawa si kitu. Aliachiliwa mwezi wa Agosti 1954, na hata hapo ilikuwa ni kwa huruma ya serikali, si kwa amri ya mahakama.

Ndugu zangu, tazameni vizuri kilichompata mtu huyu. Mlango wa ugenini ulifungwa, na hakuwa na mlango wa nyumbani wa kubisha. Ndiyo sababu nasema kwamba usalama wa mkazi wa kudumu hautegemei kadi yake peke yake. Unategemea pia kama kwao kuna mlango usioweza kufungwa na mtu yeyote.

Sitaki mdhani kwamba sheria za ugenini zimebaki pale pale. Mwaka 1982, katika kesi ya Landon dhidi ya Plasencia, mahakama ile ile ilikubali kwamba mkazi wa kudumu anayerejea kutoka safari fupi anastahili kusikilizwa kwa utaratibu wa haki. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, masharti yangalipo. Nchini Marekani, aliyekaa nje mfululizo zaidi ya siku 180 aweza kuhojiwa kama mtu anayeomba kuingia upya. Akipitisha mwaka mmoja, kadi yake haimtoshi tena kuingia. Imempasa awe na hati ya kurejea, ambayo huombwa kabla ya kuondoka na hudumu kwa kawaida miaka 2. Canada humtaka mkazi wa kudumu awe amekaa nchini humo siku 730 katika kila miaka 5. Nchini Uingereza, kibali cha kukaa bila kikomo kwa kawaida hukoma chenyewe mwenye nacho akiishi nje zaidi ya miaka 2 mfululizo.

Na amri moja ya rais yaweza kuyatikisa yote kwa usiku mmoja. Tarehe 27 Januari 1977 hatukuona jambo hilo, wala 1997. Tuliliona tarehe 27 Januari 2017, Rais Trump alipotia sahihi amri ya kuwazuia kuingia Marekani watu wa nchi 7, zikiwamo jirani yetu Somalia, na pia Sudan. Watu waliokuwa angani wakirudi makwao walitua wakakuta kadi zao zinatiliwa shaka. Ilichukua siku kadhaa hadi tarehe 1 Februari kabla ya Ikulu ya Marekani kufafanua kwamba wakazi wa kudumu hawakuhusika. Siku hizo kadhaa zilitosha kutufundisha tofauti ya raia na mkazi.

Sasa tugeukie mlango wa pili, mlango wa nyumbani, ambao ndio hasa unaotuhusu sisi wanamageuzi.

Katika miaka ya chama kimoja, pasipoti ya Kenya ilitendewa kama mali ya wakubwa. Waliipa waliyempenda na kumnyang'anya waliyemchukia. Mwaka 1988 wakili Gibson Kamau Kuria alitunukiwa tuzo ya haki za binadamu yenye jina la Robert F. Kennedy, lakini hakuweza kwenda kuipokea kwa kuwa pasipoti yake ilikuwa mikononi mwa serikali. Mwaka 1990 alilazimika kukimbilia ubalozi wa Marekani hapa Nairobi ili aokoke. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa London mwaka 1982 alipopata habari kwamba akirudi atakamatwa. Hakukanyaga tena nchi yake hadi mwaka 2004.

Pamoja na hayo, katiba ya zamani ilisema kwamba Mkenya mtu mzima aliyechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake alipoteza uraia wa Kenya. Hapa ndipo Wakenya wengi waliponaswa. Waliochukua uraia wa ugenini walikuwa wageni kwao, wakiomba viza ili wakazike wazazi. Waliokataa kuikana Kenya walibaki wakazi wa kudumu mwaka baada ya mwaka, wakiwa na kadi ya nchi moja na pasipoti ya nchi nyingine. Kumnyang'anya mtu kama huyo pasipoti kulikuwa kumfunga bila jela. Hangeweza kuja nyumbani, na akiwa nyumbani hangeweza kurudi kwenye kazi na watoto wake kabla ya siku zake kwisha.

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ilivunja mtego huo. Ibara ya 12 inasema kila raia anastahili pasipoti, na kwamba haiwezi kunyimwa wala kuchukuliwa ila kwa mujibu wa sheria ya Bunge inayotimiza masharti ya katiba. Ibara ya 14 inamruhusu aliyekuwa raia kwa kuzaliwa, akapoteza uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine, kuuomba tena. Ibara ya 16 inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine. Ibara ya 39 inasema kila raia ana haki ya kuingia Kenya, kukaa na kuishi popote nchini. Maneno hayo ni machache, lakini yalilipiwa kwa damu, kwa vizuizi na kwa maisha ya uhamishoni.

Hata hivyo maneno hayajilindi yenyewe. Mwezi wa Februari 2018 wakili Miguna Miguna, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa pia na pasipoti ya Canada, alikamatwa kisha akapandishwa ndege usiku na kupelekwa Canada. Aliporudi mwezi wa Machi alizuiliwa katika uwanja wa Jomo Kenyatta, kisha akasafirishwa hadi Dubai, ilhali mahakama ilikuwa imetoa amri zilizompa haki. Mwaka 2020 mashirika ya ndege yalikataa kumbeba kwa sababu ya tahadhari iliyotolewa na serikali. Alirejea mwezi wa Oktoba 2022, baada ya serikali kubadilika. Mtu aweza kumpenda au kutompenda Miguna na siasa zake. Hilo si hoja. Hoja ni kwamba mlango ambao katiba ilisema haufungiki ulifungwa kwa zaidi ya miaka 4, na wengi wetu tulinyamaza.

Wakristo wenzangu, mwakumbuka habari za Mtume Paulo katika Matendo ya Mitume, sura ya 22. Alipokuwa amefungwa kamba tayari kwa mijeledi, alimwuliza akida kama ni halali kumpiga raia wa Rumi asiyehukumiwa. Jemadari aliyesikia akaogopa; yeye mwenyewe aliununua uraia wake kwa mali nyingi, hali Paulo alizaliwa nao. Paulo hakuona haya kuitaja haki yake ya kisheria. Hakusema kwamba mtu wa imani hapaswi kudai. Alidai, na mikono iliyoinuliwa ikashuka.

Basi na tufanye nini?

Kwanza, makanisa yetu huwaombea wasafiri. Ni vema. Lakini tuwafundishe pia. Ajaye nyumbani kuuguza mzazi ahesabu siku zake kabla hazijamhesabu. Atunze ushahidi kwamba makazi yake yako kule: kodi, nyumba, kazi. Pasipoti ya Kenya aiangalie isije ikafikia mwisho akiwa safarini, kwani mpaka wa siku hizi huanzia kwenye meza ya shirika la ndege.

Pili, yeyote atakayeshinikizwa uwanjani kule Marekani atie sahihi karatasi ya kuacha ukazi wake, Fomu I-407, ajue kwamba karatasi hiyo ni ya hiari. Aweza kukataa na kuomba apelekwe mbele ya hakimu wa uhamiaji. Wengi wamepoteza mlango kwa kalamu yao wenyewe, kwa uchovu wa safari na hofu ya sare.

Tatu, waliopoteza uraia kabla ya 2010 wauombe tena. Na raia wa kuzaliwa wanaochukua uraia wa pili waarifu serikali ndani ya miezi 3 kama sheria ya mwaka 2011 itakavyo, wasije wakampa afisa kisingizio.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote: afisa yeyote wa Kenya anapomzuia raia kuingia kwake, tulihesabu kuwa ni jambo letu sote. Mwaka 2023 ndugu zetu walio ng'ambo walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4 za Marekani. Twazipokea fedha zao kwa mikono miwili. Je, twaweza kuwapokea wao wenyewe kwa mkono mmoja?

Na kipimo tunachokidai tukitumie pia kwa wengine. Katika nchi hii wamo wageni waliopewa jembe kwetu, waliokaa miaka mingi, ambao hutetemeka wakiona askari barabarani. Hatuwezi kulia kwa sababu ya mlango wa New York huku tukiubamiza wa Busia na Namanga.

Ndugu zangu, serikali za ugenini zitabadilisha masharti yao kama zipendavyo, wala hatuna kura huko. Mlango tulio na kura juu yake ni huu wa kwetu. Tuulinde kwa ajili ya tunaowapenda na tusiowapenda, kwani siku utakapofungwa kwa mmoja bila sheria, hakuna kati yetu atakayekuwa na nyumbani. Atakuwa na kibali tu.