Feni na Taa: Kila Moja na Swichi Yake

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kakamega)

Leo tunazungumza juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini linaning'inia juu ya vichwa vya watoto wetu: feni ya dari yenye taa, ile ambayo watu wa Pwani huiita panga boi.

Wengine mtauliza, sisi wa Kakamega feni ni ya nini? Hapa si Mombasa. Ni kweli. Lakini ingieni ukumbi wa mabati saa nane mchana mwezi wa Februari, mkutano umejaa, ndipo mtajua. Jioni ya siku hiyohiyo baridi inashuka, watu wanatafuta sweta, na kinachotakiwa ni taa peke yake. Mchana feni bila taa, usiku taa bila feni. Swichi moja haiwezi kutumikia mahitaji hayo mawili.

Hebu tuhesabu. Feni ya wati 75 ikizunguka bure saa tano kila jioni kwa siku 30, inakula yuniti 11 na robo. Taa ya LED ya wati 9 kwa saa hizohizo haifiki hata yuniti moja na nusu. Hizo ni tokeni za kikundi, jasho la wanachama.

Sasa tuangalie kazi yenyewe. Waya wa moto unafika kwenye swichi ya ukutani. Swichi ndiyo inayoufungua na kuufunga. Kutoka kwenye swichi, waya mwingine unapanda mpaka darini. Nyutro haipiti kwenye swichi. Inakwenda moja kwa moja. Athi pia inakwenda moja kwa moja mpaka kwenye chuma cha feni.

Kutenganisha ni hivi: ukutani tunaweka kibao chenye swichi mbili. Waya wa moto unaoingia unalisha swichi zote mbili. Kisha kila swichi inapandisha waya wake: mmoja kwa mota ya feni, mwingine kwa taa. Nyutro moja inatosha zote. Rigileta ya kupunguza mwendo, kama ipo, inakaa kwenye njia ya feni tu, isiguse taa.

Haya, hapa ndipo penye hatari. Kwenye ukumbi uliokwisha jengwa, paipu mara nyingi ina waya mmoja tu unaotoka kwenye swichi kwenda darini. Kuvuta wa pili ni kazi, na lazima ununuliwe. Fundi mvivu akiona waya wa athi umelala pale, ataugeuza kuwa waya wa moto wa pili. Feni itazunguka, taa itawaka, mtamlipa na chai mtampa. Lakini feni yenu imebaki bila athi. Siku waya ukichubuka ndani, chuma chote kinaweza kushika moto wa stima na fiuzi isikatike. Atakayepanda juu ya meza kupangusa vumbi ndiye atakayegundua. Kwa hiyo tunasema wazi: bora kukaa na swichi moja kuliko kupata mbili kwa kuiba athi.

Rangi nazo zisiwadanganye. Katika majengo mengi ya zamani moto ni mwekundu na nyutro ni nyeusi. Katika nyaya za siku hizi moto ni kahawia na nyutro ni buluu. Lakini kuna majengo ambayo waya mweusi unaoshuka kwenye swichi una moto. Fundi apime kila waya.

Hatuwaambii mshike bisibisi wenyewe. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 inataka kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA. Mwombeni awaonyeshe. Kazi ya kikundi ni kusimamia. Kabla ya kuanza, swichi kuu izimwe na mtu mmoja akae pale asije mwingine akaiwasha. Ndoano ya feni ishikwe na boriti, si ubao wa dari, maana feni ni nzito na inatikisika. Mapanga yawe juu ya futi saba kutoka sakafuni.

Kabla ya kumalizia malipo, fundi awashe feni peke yake, kisha taa peke yake. Halafu azime swichi kuu, afungue kifuniko cha feni, awaonyeshe waya wa athi wenye kijani na njano umefungwa kwenye chuma. Mweka hazina awepo, aone kwa macho yake. Asipoonyeshwa, pesa iliyobaki ikae mfukoni.

Sasa tunakaribisha maswali.