Uchungu wa Moyo Una Tiba
Hotuba ya idara ya afya ya kaunti katika baraza la wadi



Ukame ukimaliza mifugo wa mtu, majirani huona zizi tupu. Uchungu wa moyoni hauonekani; wengi huuficha kwa pombe au kwa kimya.

Kwa miaka mingi, aliyejaribu kujitoa uhai alichukuliwa kuwa mhalifu chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Familia zikamficha kwa kuhofia polisi. Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Basi mgonjwa asifichwe. Apelekwe hospitali ya karibu aonane na mshauri ana kwa ana.

Aliye mbali, au anayeona haya kupanga foleni, apige 1199, simu ya Msalaba Mwekundu isiyolipiwa. Wapo pia washauri wanaohudumu mtandaoni kwa video. Kabla ya kulipa, mtu aulize mafunzo na leseni ya mshauri, kisha atafute mahali pa faragha pa kuzungumzia.

Mficha uchi hazai. Na anayetamka shida yake apewe sikio, si lawama.