Somo Lisiloandikwa Ubaoni

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kitahana)



Nitazungumzia jambo moja tu: safari za miguu za wanafunzi.

Mwaka 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwalimu Kurt Hahn na mwenye meli Lawrence Holt walifungua shule huko Aberdovey, Wales. Holt aliona kuwa meli zikizamishwa, mabaharia vijana walikuwa wakikata tamaa mapema kuliko wakubwa wao, ingawa nguvu walikuwa nazo. Kilichopungua hakikuwa misuli, bali moyo uliozoea shida. Katika miaka ya 1950 mpango huo, Outward Bound, ulifika Loitokitok, Kenya, chini ya Kilimanjaro. Huko vijana wa Afrika Mashariki walijifunza kuishi porini kwa ushirikiano na kuupanda mlima huo wenye mita 5,895.

Sisi hatuna Kilimanjaro, lakini tunavyo vilima vya Buha na mto Malagarasi, unaopita katika mabwawa makubwa hadi Ziwa Tanganyika. Mwaka 2000 ardhioevu ya Malagarasi–Muyovozi iliingizwa katika orodha ya Ramsar, ikiwa ya kwanza nchini. Wanafunzi huuchora mto huu katika mtihani. Je, ni wangapi wameufuata hata kwa siku moja?

Katika utumishi nimewaona vijana wenye vyeti safi wakitetemeka wanapoulizwa, "Wewe ungeamua nini?" Uamuzi haukaririwi. Hupatikana pale kiongozi wa zamu anapoona mwenzake amechubuka kisigino, maji yamepungua, na jua linazama.

Hofu ya walimu na wazazi ni ya haki. Basi tuanze kwa utaratibu: siku tatu za kiangazi, vikundi vya watu kumi, mwalimu na mwenyeji aijuaye njia, sanduku la huduma ya kwanza, barua kwa serikali za vijiji, wala tusiingie pori la akiba bila kibali. Kiongozi abadilike kila siku, na mwendo uwe wa yule aliye dhaifu. Wakirudi, waandike taarifa.

Sisi wa zamani tutoe maturubai, sufuria na unga, hayo hayatushindi. Ninyi vijana toeni miguu. Wahenga walisema: tembea uone.