Daftari Litoke Chini ya Mto: Kuanzisha Kikundi cha Waandishi na Kukiweka Hai

(Mazungumzo mbele ya vijana na wazazi, yaliyoandikwa kwa ajili ya jarida hili)



Nimeombwa nizungumze juu ya kitu ambacho wengi wenu mnacho na hamjamuonyesha mtu: lile daftari. Lina mashairi, lina hadithi isiyokwisha, lina barua isiyotumwa. Mlango ukifunguliwa, mwenyewe hulisukuma chini ya mto. Leo twataka litoke, lakini litoke kwa njia ambayo mwenyewe hataaibika.

Kwanza tuondoe ile fikra kwamba kukaa pamoja na kusomeana maandishi ni mambo ya chuo kikuu. Pwani hii mshairi hakuwahi kuwa mtu wa peke yake. Muyaka bin Haji wa Mombasa, mwanzo wa karne ya 19, alikuwa akitunga na washairi wa Lamu, akina Zahidi Mngumi, wakimjibu, naye akiwajibu tena. Ukitunga huku ukijua kwamba kuna mtu ng'ambo anayengoja kukukamata kwenye vina na mizani, huandiki ovyo! Hicho ndicho kikundi hufanya. Kinakupa msomaji unayemheshimu na kumuogopa kidogo.

Tena tazameni Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui. Mwaka 1930, papa hapa Mombasa, alianzisha Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah. Insha zake zilikuwa fupi, kwa Kiswahili cha watu, juu ya mambo ya watu: elimu, uvivu, kuiga wageni. Baadaye baadhi yake zikakusanywa kuwa kitabu, Uwongozi. Na kwa wanaosema hayo ni ya zamani, Nairobi mwaka 2003 lilitoka jarida la Kwani?, ambalo chanzo chake kilikuwa waandishi wachache kukutana na kuzungumza. Marehemu Binyavanga Wainaina alikuwa ameshinda tuzo ya Caine mwaka 2002. Mwaka 2003 akashinda Yvonne Adhiambo Owuor, kwa hadithi iliyotoka ndani ya jarida hilo hilo. Wameandika kwa Kiingereza, sawa, lakini njia ni moja.

Haya, twaanza vipi?

Msianze na vyeo. Sisi Wakenya twapenda ofisi: mwenyekiti, makamu wa mwenyekiti, mweka hazina wa hazina isiyokuwako. Kikao cha kwanza chaisha kwa uchaguzi, cha pili kwa ugomvi wa uchaguzi, na hakuna aliyesoma hata ubeti mmoja. Kazi zinazohitajika ni mbili tu. Mmoja ashike saa, mwengine aweke nakala. Huyu wa nakala msimdharau. Mashairi ya Muyaka tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua, muda mrefu baada ya mshairi kufa, aliyakusanya kutoka kwa watu waliokuwa wakiyakumbuka. Hayakuchapwa kuwa diwani mpaka mwaka 1940, miaka kama 100 baada ya mwenyewe kufariki. Ni mangapi yaliyopotea humo katikati, Mungu ndiye ajuaye.

Idadi iwe ndogo, watano mpaka wanane. Pigeni hesabu wenyewe. Kikao cha saa mbili hutosha kazi nne, nusu saa kila moja. Mkiwa wanane, kila mmoja atasomewa mara moja katika kila vikao viwili. Mkiwa ishirini, zamu yako yaja baada ya vikao vitano, na kama mwakutana mara moja kwa wiki huo ni mwezi na zaidi. Nani atangoja? Wengi wakijitokeza, gawanyikeni vikundi viwili, na hapana haja ya kununiana.

Kila msomaji awe na karatasi mkononi. Fotokopi ya ukurasa mmoja au miwili haimfilisi mtu, na asiyekuwa na pesa anakili kwa mkono, wenzake wasomee wawili wawili. Kusikia peke yake hakutoshi, kwa sababu sauti nzuri hufunika kosa. Kuna mtu akighani, hata kina kilichokosewa chapendeza!

Mwandishi asome, kisha anyamaze. Hapa ndipo penye kazi. Atataka kueleza: "Hapo nilimaanisha hivi." La, mwenzangu, kitabu kikishatoka hutakwenda nyumba kwa nyumba kueleza. Wasomaji ndio waseme: mimi nimefahamu hivi, hapa nimepotea, hapa huyu mzee alikuwa amelala na sasa yuko sokoni, ameamka lini? Maneno ya namna hiyo yamfaa mwandishi kuliko "Mashallah, umeandika vizuri", ambayo ni dua njema lakini hayamuonyeshi pa kusahihisha. Na "mbaya" nalo halimfai. Asemaye pameharibika aonyeshe mstari.

Tena kuna jambo letu sisi. Akiwemo mtu mzima au ustadh, akishasema yeye, vijana wote wanaitikia, "Ndivyo, ustadh." Adabu ni nzuri, lakini kikundi kinakuwa darasa. Dawa yake ni nyepesi: mdogo kuliko wote aseme kwanza, mkubwa aseme mwisho. Hakuna aliyepingwa, hakuna aliyevunjiwa heshima, na rai zote zimesikika.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nikubali kuja. Nakijua kikundi kimoja, mji sitautaja, kilichokuwa na binti wa miaka kumi na saba. Alisoma hadithi ya msichana anayetolewa shule aolewe. Ilikuwa hadithi tu. Lakini kuna mmoja aliyepiga picha ule ukurasa kwa simu akamtumia rafikiye, na kufika Jumatatu mtaa mzima ukawa wazungumza ati babake fulani ataka kumuoza mwanawe. Baba hakumpiga wala hakumgombeza. Alimwambia tu, "Mwanangu, usiende tena." Akaacha. Naye ndiye aliyekuwa akiandika vizuri kuliko wote. Miezi miwili baadaye kikundi kikafa, maana nani tena angesoma kitu cha kweli mbele ya wale wenzake?

Kwa hivyo, kabla ya kikao cha kwanza, kubalianeni kwamba kinachosomwa hapa hakitoki hapa bila ya ruhusa ya mwenyewe, na kwamba hadithi si habari za nyumbani kwa aliyeiandika. Karatasi zirudishwe. WhatsApp itumike kuambiana saa na mahali, basi. Kazi za watu zisitiwe humo, kwa sababu kidole kimoja chatosha kuzisambaza.

Na mwandishi naye ana haki za watu shingoni. Kubadilisha jina hakutoshi. Mji wetu ni mdogo. Ukiandika juu ya muuza kaimati mwenye chongo wa pale kona, hata ukimwita Bwana Fulani, kila mtu yuwamjua. Badilisha kazi, badilisha mtaa, changanya watu watatu uwafanye mmoja. Kumsengenya mtu kwa vina na mizani ni kumsengenya vilevile.

Wazazi, naomba niseme nanyi kidogo. Mkisikia kijana yuwaenda kwenye kikundi, ulizeni wako nani, wapi, mpaka saa ngapi. Ni haki yenu. Mama mmoja akitaka kuja kukaa pale akasuka ukili wake, akaribishwe, na huenda akawa ndiye ajuaye maneno ambayo vijana wayatafuta kwenye kamusi. Lakini daftari la mtoto msilifungue kwa siri. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye utendi ambao mpaka leo wasomwa. Kalamu mikononi mwa wanawake wa pwani si jambo jipya.

Kwa wale wanaotaka kuanza mwezi huu, angalieni saa. Wavulana watapendekeza baada ya Alasiri, "tupitishe muda mpaka adhana." Wakati huo dada zetu wako jikoni, mikono imejaa unga, sambusa hazijakunjwa. Watapendekeza baada ya Tarawehe, na msichana gani ataruhusiwa kutoka saa tatu za usiku? Wekeni Jumamosi, saa nne asubuhi, chumba cha madrasa kikiwa tupu, wasichana upande wao na wavulana upande wao, mpaka karibu na Adhuhuri. Mje na ukurasa mmoja, sio hadithi nzima, na kalamu mbili, kwa sababu kutakuwa na aliyesahau yake. Na asiyekuwa tayari kusoma siku hiyo, asikilize.