Maji ya Msimbazi: Maneno ya Wanachama Walioko Kariakoo
(Yalisomwa mbele ya mkutano wa ushirika, yamenakiliwa hapa kwa wasiohudhuria)

 

Sisi tunaouza mihogo na maembe ya kijiji hiki pale Kariakoo tumekuja kwa jambo moja tu, nalo ni maji. Masika inakaribia. Wengi wetu tunalala bondeni, Mchikichini, Kigogo na Hananasif, kwa kuwa vyumba vya huko ni rahisi na sokoni tunakwenda kwa miguu. Jangwani penyewe nyumba nyingi zimekwisha kubomolewa, wenyewe wakalipwa fidia katika mradi wa Bonde la Msimbazi. Lakini sisi wapangaji tumesogea kidogo tu, na mto bado upo.

Na mto ule, jamani, unatoka kwenu. Unaanzia vilima vya Pugu, huku huku Kisarawe. Mvua ikipiga huku usiku kucha, sisi kule pengine tunaona mawingu tu, tunalala. Kumbe maji yako njiani.

Wapo wanaodhani ni mvua peke yake. Sivyo. Msimbazi unamwaga baharini pale daraja la Selander. Bahari ikijaa, hasa siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji ya mto hayapati pa kutokea. Yanarudi nyuma, yanatanda bondeni. Mvua ile ile ikikuta maji mafu huenda ikapita bila kutuingia ndani. Kwa hiyo siku hizi tunasikiliza redio, na mwezi tunautazama pia.

Wengi mnakumbuka Desemba 2011. Mvua ilianza tarehe 20, na kabla haijakwisha watu zaidi ya 40 walikuwa wamekufa katika jiji. Watu walipanda juu ya mapaa wakingoja kuokolewa. Serikali ikawapa waliopoteza nyumba viwanja Mabwepande. Wengine wamekaa huko mpaka leo. Wengine walirudi bondeni, maana Mabwepande ni mbali na soko, nauli inamaliza faida yote. Tusiwacheke.

Mtu anaona maji yanapanda naye hatoki, kwa nini? Si ujinga. Anaogopa wezi, atakuta chumba kitupu. Na sisi wa soko tuna la kwetu: tunangoja mzigo. Lori la mihogo linatoka hapa jioni, linafika usiku. Mhogo uliokwisha kuchimbwa hauna subira, siku mbili tatu umeharibika. Basi mtu anasema, ngoja nipokee mzigo kwanza. Maji yanamkuta hapo hapo.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza mvua kubwa kwa Pwani na Dar es Salaam, msichimbe. Mhogo ulio ardhini unangoja. Tunajua ni hasara ya siku, na mwenye deni la ada itamuuma. Ushirika ukubali leo kwamba siku hiyo mwanachama hatadaiwa mzigo.

Upande wetu tumekwisha kupangana. Vyeti vya watoto, vitambulisho, kadi za kliniki na daftari la madeni vinakaa katika mfuko mmoja wa nailoni, umening'inizwa karibu na mlango. Dawa za wagonjwa humo humo. Likitoka tangazo, watoto, wazee na wajawazito wanaondoka mchana ule ule, kabla ya tone la kwanza, kwenda kwa ndugu zetu wa Ilala na Buguruni wanaokaa juu. Vijana wawili wanabaki kulinda vyombo, nao wakiona maji yamefika barazani wanazima swichi kuu ya umeme na kuondoka. Godoro halina thamani ya mtu. Na hakuna kuvuka bonde: wa upande wa Kariakoo apande Kariakoo, wa Magomeni apande Magomeni Mapipa. Barabara ya Morogoro pale Jangwani hufungwa maji yakijaa, na anayejaribu kupita anachukuliwa.

Maji yakishuka tusikimbilie kurudi. Vyoo vya shimo huwa vimefurika, na kipindupindu tunakijua. Maji ya kunywa yachemshwe.

Wapo watakaosema, mbona Kimbunga Hidaya kilitangazwa sana mwezi wa Mei 2024, hata boti za Unguja zikasimama, halafu mjini tukasalimika? Ni kweli, kilifika Mafia tarehe 4 kikadhoofika. Lakini mwaka 1872 kimbunga kiliibomoa Unguja, na mwaka 1952 kingine kikaipiga Lindi. Aliyeondoka bure amepoteza nauli ya daladala, basi.

La mwisho ni simu. Ninyi mnaiona mvua kabla yetu. Ikinyesha hapa kwa nguvu bila kukatika tangu magharibi mpaka saa nne usiku, mtu apige simu mjini, hata kama tumelala. Tunapendekeza zamu ya usiku igawanywe kwa nyumba zenye watoto wanaosoma mjini, kwani watoto hao wanalala kwetu. Majina ya zamu katibu atayabandika hapa chini ya karatasi hii. Asiyeweza kukesha aseme mapema, apangwe mwingine.